Sukuma imekugomea jikoni? Anzia kwenye kipimo

Malalamiko ya sukuma huja kwa lugha ya mapishi: imekuwa ngumu, imejaa maji, chumvi imezidi, haikutosha. Ukifuatilia vizuri unakuta kosa lilishafanyika kabla jiko halijawashwa, ama gengeni ama kwenye beseni la kuoshea. Fungu si kipimo. Muuzaji wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au wa Soko Kuu la Iringa hufunga kwa mkono wake na kwa jinsi mzigo ulivyoingia asubuhi hiyo. Mvua zikikolea mafungu yananenepa, kiangazi yanakonda, na bei inabaki ileile.

Humu kipimo ni kimoja tu: gramu za majani safi, yaani majani yaliyotolewa vikonyo, yakaoshwa na kukung'utwa maji. Mtu mzima anayekula ugali na mboga hiyo peke yake, mhesabie gramu 200. Kukiwa na maharage, dagaa au nyama pembeni, gramu 120 hadi 150 zinatosha. Familia ya watu sita, basi, ni takriban kilo moja ya majani safi, na vipimo vya viungo vilivyomo humu vinahesabiwa kwa kilo hiyo, isipokuwa mboga ya karanga. Ukipika nusu kilo, gawa kwa mbili.

Sufuria ilijaa, sasa imebaki mboga ya watu wawili

Hapa mambo mawili hutokea kwa pamoja, na watu huona moja tu.

La kwanza wote tunalijua: majani hunywea. Kilo moja ya sukuma iliyokatwa nyembamba, ikimwagwa bila kushindiliwa, hujaza karibu sufuria ya lita 10. Ikiiva, inakaa kwenye bakuli la lita moja na nusu. Uzito haukupotea kiasi hicho. Kilichotoka zaidi ni hewa iliyokuwa katikati ya majani. Ndiyo maana kukadiria kwa macho, kwa kuangalia sufuria imejaa kiasi gani, hakutakupa jibu sahihi hata siku moja.

La pili ni vikonyo. Kwenye fungu la kawaida, kikonyo pamoja na uti mnene wa katikati hubeba robo hadi theluthi ya uzito wote. Kwa majani makubwa yaliyokomaa huzidi hapo. Ukinunua kilo moja na nusu unabaki na kilo moja ya kupika, na ukinunua kilo moja unabaki na gramu 650 au 700. Kanuni ya kubeba kichwani sokoni: chukua uzito wa majani safi unaoutaka, ongeza nusu yake. Unataka gramu 600? Nunua gramu 900.

Kama huna mizani nyumbani, tengeneza ya muda kwa henga ya nguo na mifuko miwili inayofanana:

1. Ning'iniza henga kwenye msumari au kitasa ili icheze bila kugusa ukuta. Ikae sawa kabla hujaweka kitu.
2. Funga mfuko kila ncha, kwa umbali ule ule kutoka katikati.
3. Mfuko mmoja weka chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Mfuko wa pili weka chupa tupu ya aina hiyo hiyo, ili uzito wa plastiki ujifute.
4. Jaza majani upande wa chupa tupu mpaka henga ikae sawa. Hapo una gramu 500, kwa kuwa nusu lita ya maji ina uzito huo.

Fanya hivyo kwa mafungu ya genge lako unalolizoea, pima kabla na baada ya kutoa vikonyo, uandike. Baada ya hapo unaweza kununua kwa fungu bila wasiwasi, maana unajua fungu la yule mama linatoa nini. Rudia kupima msimu ukibadilika.

Mapishi yanayosema "kikombe kimoja cha sukuma" yachukulie kwa tahadhari. Kikombe kile kile, majani yakimwagwa tu, hubeba gramu 20 na ushei. Yakishindiliwa kwa ngumi yanafika 60 au zaidi. Aliyeandika hakukwambia alishindilia au la, na tofauti hiyo ni mara tatu.

Sukuma iliyokatwa tayari sokoni ina hesabu yake. Haina vikonyo vizito, kwa hiyo gramu 300 za iliyokatwa ni sawa na gramu 450 hivi za majani mazima. Ina hasara mbili: huoni jani lilikuwa na hali gani kabla ya kisu, na huwezi kuiosha vizuri bila kupoteza vitamini C kwenye maji. Ukiinunua, nunua inayokatwa mbele ya macho yako, na ipike siku hiyo hiyo.

Chumvi imezidi, na uliweka kama siku zote

Uliiweka sufuria ikiwa bado imejaa. Mkono hufuata wingi unaouona, na wingi huo ulikuwa hewa. Subiri majani yanywee kabisa, ndipo uweke kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa kilo moja ya majani safi. Kama unatumia pia mchemraba wa supu, kata chumvi hiyo nusu. Ikishazidi, ongeza majani mengine mabichi yaliyokatwa au nyanya moja isiyo na chumvi. Kuongeza maji kutakuharibia kingine.

Imekuwa ngumu, inatafunika kama kamba

Angalia kikonyo kwanza, na uangalie sokoni. Kikunje kwa vidole viwili, sentimita 5 hivi kutoka chini. Kikivunjika kwa mlio na sehemu iliyovunjika ikawa na unyevu, jani ni changa au la wastani. Kikipinda bila kuvunjika, au kikavunjika kikaacha nyuzi nyeupe zinazovutika, jani limezeeka, na hakuna moto utakaolirudisha. Kikonyo kinachopinda kwa ulegevu bila nyuzi ni suala jingine: hicho kimenyauka tu, maji yatakirudisha.

Majani ya kupika nyumbani yanayotoa matokeo mazuri ni ya urefu wa sentimita 20 hadi 30 bila kikonyo. Mbegu nayo ina neno lake. Southern Georgia hutoa jani pana, nene, lenye rangi inayoelekea bluu; linajaza sufuria lakini linataka kukatwa nyembamba kweli. Thousand Headed hutoa machipukizi mengi yenye majani madogo, ambayo huiva mapema. Ile iliyojikunja kingo, inayoonekana zaidi madukani na mahotelini kuliko magengeni, hushika mchanga na wadudu kwenye mikunjo. Ioshe mara mbili.

Kama jani lilikuwa zuri na bado mboga imekuwa ngumu, kosa ni kisu. Panga majani matano hadi manane, yakunje kama sigara, kata vipande vya milimita 2 hadi 3, kwa upana wa jani. Ukikata kwa sentimita nzima, nyuzi zinabaki ndefu na jino linazikuta. Uti wa katikati wenye unene kuzidi penseli utoe. Shika kikonyo kwa mkono mmoja, pitisha vidole vya mkono wa pili kuelekea nchani, jani litachomoka. Vikonyo visitupwe vyote. Vile vinavyovunjika kwa mlio vikate milimita 3, viingie sufuriani pamoja na kitunguu, kabla ya majani. Vyenye nyuzi wape sungura.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo mapishi ya Dar es Salaam hayalijui. Maji yanachemka kwenye joto linalopungua kadiri unavyopanda, takriban nyuzijoto 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Njombe yanashuka karibu na 93. Kaanga ya kitunguu kwenye mafuta haiguswi na jambo hili, lakini majani yakishaanza kutoa maji yanaiva kwa joto la maji hayo. Kama pishi limesema dakika 5, kwa Mbeya weka 6 au 7. Ukichemsha vikonyo au majani yaliyokomaa, ongeza zaidi ya hapo na uonje.

Imejaa maji, haishikani na ugali

Hesabu maji yaliyoingia. Majani yasiyokung'utwa hubeba maji mengi kuliko unavyodhani, maana hukaa kwenye mikunjo na juu ya vikonyo. Nyanya nne ambapo zilitakiwa mbili. Mfuniko uliofunikwa muda wote, mvuke ukashuka tena. Na moto mdogo: kwenye jiko la mkaa uliofifia, majani yanatoa maji taratibu na maji hayapati nguvu ya kuondoka.

Kwa kilo moja ya majani safi: vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya alizeti, kitunguu kikubwa kimoja, nyanya 2 za wastani. Kaanga kitunguu dakika 3. Weka nyanya, zipike bila mfuniko mpaka mafuta yaonekane pembeni, dakika 5 hivi; ukiruka hatua hii, maji ya nyanya yote yanahamia kwenye mboga. Moto uwe mkali kabla majani hayajaingia. Ingiza theluthi, geuza mpaka yanywee, ingiza theluthi nyingine. Sufuria pana au karai hufanya kazi hii vizuri kuliko sufuria ndefu. Kisha dakika 5 hadi 7, unageuza, bila mfuniko.

Ikishajaa maji, usiyamwage. Yana ladha na vitamini. Sogeza mboga pembeni, inamisha sufuria, acha maji yachemke peke yake upande ulio motoni mpaka yabaki kijiko, kisha changanya.

Mboga ya karanga ina tatizo la kinyume. Inashika chini, au inakatika, mafuta juu na chenga chini. Kwa nusu kilo ya majani safi chukua gramu 100 za karanga zilizosagwa, zikoroge kwenye mililita 300 za maji ya uvuguvugu mpaka madonge yaishe, pika peke yake kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10 huku unakoroga hadi chini kabisa. Majani yaingie baada ya hapo. Karanga zikichemka kwa nguvu hutengana, na zikiingia mbichi juu ya majani, majani yanaiva mno wakati karanga bado zina ladha ya unga.

Rangi imekuwa ya majani makavu

Kijani cha jani huharibiwa na asidi pamoja na muda. Sukuma yenyewe hutoa asidi ikipikwa, nyanya zinaongeza, na mfuniko unazifungia ndani. Kwa hiyo: bila mfuniko dakika za mwanzo, jumla ya muda isizidi dakika 7 hadi 9 kwa majani ya wastani, na limau, kama unalipenda, likamuliwe mezani. Watu wengine hutia magadi. Ni kweli rangi inabaki, tena inang'aa, lakini jani linakuwa laini kama limetafunwa na vitamini C inaharibika. Kwa makande sawa. Kwa sukuma hakuna haja.

Harufu ya kabichi iliyochemka sana ni ndugu wa tatizo hilo: viambata vya salfa vinazidi kadiri unavyopika. Punguza muda.

Chungu

Uchungu kidogo ni wa asili yake, na kuna wanaoufuata huo huo. Ukizidi, sababu ziko shambani. Jua kali na kiu ya maji, kama miezi ya Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza, huongeza viambata vinavyoleta uchungu na ukali. Mmea unaotoa maua nao huwa hivyo. Ukiona fungu lina kijitawi chenye vitumba vya njano, liache. Baridi hufanya kinyume, kwa sababu mmea huongeza sukari kwenye majani ili kujikinga. Sukuma ya Juni na Julai kutoka Njombe au Makete ni tamu kweli, mradi sakitu (umande ulioganda kwa baridi) haikuipiga sana. Jani lililopigwa na sakitu linaonekana kama limelowa, linapitisha mwanga, baadaye linakuwa kahawia. Hilo kata.

Kiangazi, sukuma ya vinyungu vya Iringa, inayolimwa bondeni kwenye unyevu, kwa kawaida huwa laini kuliko ya mlimani iliyosubiri maji ya ndoo.

Jikoni, chagua majani ya ndani ya fungu, madogo. Yakiwa yote makubwa, yachovye mazima kwenye maji yanayochemka yenye chumvi dakika 1 hadi 2, yatoe, yakamue, kata, kaanga. Utapoteza sehemu ya vitamini C, lakini uchungu mwingi utabaki kwenye yale maji. Kitunguu kingi na karanga hufunika uliobaki. Sukari sipendekezi, inaonekana mdomoni mara moja.

Mchanga kwenye jino

Wakati wa mvua matone hurusha udongo chini ya majani. Kosa la kawaida ni kumwaga maji ya beseni yakiwa na majani ndani: mchanga uliokwisha kutulia chini unapita tena juu ya majani. Jaza beseni, majani yaelee, yazungushe, yaache dakika 2 au 3, kisha yanyanyue kwa mikono na maji yabaki. Rudia mpaka ukipapasa chini ya beseni husikii chenga. Osha kabla ya kukata.

Kuna kitu cheupe au cha kijivu kwenye jani

Hapa watu huchanganya vitu vitatu.

Utando mwembamba wa kijivu ulioenea jani zima sawasawa ni nta ya jani lenyewe. Upitishe kidole: unatoka, na chini yake kuna kijani kinachong'aa. Tone la maji juu yake hujiviringa likaanguka. Nta hiyo ni dalili kwamba jani halijashikwashikwa sana, yaani ni zuri.

Vikundi vya unga wa kijivu chini ya jani, hasa pembeni mwa uti na kwenye machipukizi, jani likiwa limejikunja: hao ni wadudu mafuta. Ukiangalia karibu, unga unatembea. Loweka majani dakika 10 kwenye lita 4 za maji yenye vijiko 2 vya chakula vya chumvi, sugua kwa kidole, osha kwa maji safi. Wakiwa wamejaa kila jani, rudisha fungu.

Madoa meupe yenye kingo, kama matone yaliyokaukia, yakiwa mengi juu ya jani na nchani ambako tone hukusanyika, huenda ni dawa. Kuosha kunapunguza iliyo juu. Iliyopenya ndani haitoki. Swali la kumuuliza mkulima ni lini alipiga mara ya mwisho na dawa gani, kwa sababu kila dawa ina siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Asiyejibu, nunua kwa jirani yake.

Matundu ya viwavi hayana madhara, kata pale penye kinyesi chao. Njano ina aina zake: majani ya chini yaliyogeuka njano sawasawa ni uzee au njaa ya mbolea, yanapikika ila hayana ladha. Njano yenye umbo la V inayoanzia ukingoni kuelekea uti, na vishipa vyeusi ndani yake, ni ugonjwa wa kuoza kweusi. Haumdhuru mlaji, lakini sehemu hiyo chungu, na fungu hilo halikai hata siku mbili. Utelezi na harufu: tupa, usijadiliane.

Imenyauka au kugeuka njano kabla hujapika

Kunyauka kunarudishika. Kata ncha ya kikonyo sentimita moja, simamisha fungu kwenye maji baridi dakika 30. Njano hairudi. Inaletwa na joto, muda, na jirani mbaya: ndizi zilizoiva, parachichi na nyanya hutoa gesi inayoharakisha majani kuzeeka. Nyumba nyingi za Mbeya zina mkungu wa Tukuyu pembeni ya kapu la mboga, halafu lawama anapewa muuzaji. Vitenganishe, kona mbili tofauti za jiko.

Kwenye friji, usioshe kwanza. Funga majani makavu kwenye kitambaa kilichonyunyizwa maji kidogo, ingiza kwenye chombo chenye mfuniko, sehemu ya chini. Yanakaa siku 5 hadi 7. Ile mifuko mbadala iliyochukua nafasi ya plastiki tangu Juni 2019 inapitisha hewa, kwa hiyo majani hayaozi ndani yake, ila yananyauka haraka zaidi. Lowesha kitambaa kila siku. Bila friji, simamisha vikonyo kwenye jagi lenye maji ya kina cha vidole vitatu, kwenye kona isiyo na jua. Baridi ya Juni utapata siku 3. Oktoba, nunua ya siku hiyo.

Fungu lililonyunyiziwa maji sokoni likung'ute kabla halijapandishwa kwenye mizani, la sivyo unalipia maji kwa bei ya mboga. Na likifika nyumbani lifungue kamba papo hapo, maana joto la katikati ya fungu lililobanwa ndilo linaloanza kuozesha.

Anayetumia vidonge vya wafarini vya kuzuia damu kuganda asiikate wala kuiongeza sukuma ghafla, kwa sababu ina vitamini K nyingi inayogusa kazi ya dawa hiyo. Apime kiasi kilekile wiki hadi wiki, na amweleze daktari wake anakula gramu ngapi.